Wauguzi waliokuwa wakiondoka: kisa cha hospitali 10 za London

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hospitali nyingi za Uingereza zilikuwa zikipoteza wauguzi wanafunzi. Wasichana walijiunga, wakavaa sare, wakaanza kufanya kazi wodini huku wakisoma, na kabla ya miaka mitatu ya mafunzo kuisha wengi walikuwa wameshafungasha. Maelezo hayakukosekana. Wapo waliolaumu mshahara, wapo waliolaumu ndoa, wapo waliosema vijana wa siku hizi hawawezi kazi ngumu. Dawa ikawa ile ile kila mwaka: tangaza nafasi, chukua wengine, ziba mapengo.

Reg Revans, profesa wa utawala wa viwanda mjini Manchester tangu 1955, aliliangalia jambo hili kwa jicho la mtu aliyesomea fizikia. Mishahara ya wauguzi ilikuwa ikipangwa kitaifa. Hospitali zote zilikuwa chini ya huduma moja ya afya ya taifa, iliyoanza Julai 1948. Kama tatizo lingekuwa mshahara au kizazi, hospitali zote zingepoteza watu kwa kiwango kinachokaribiana. Haikuwa hivyo. Ndani ya eneo moja la Manchester, hospitali moja ilikuwa ikimwaga wanafunzi na jirani yake ikiwatunza. Sababu ilikuwa ndani ya majengo yenyewe, na huko ndiko alikokwenda kuitafuta.

Matokeo aliyoyachapisha 1964 yanastahili kusomwa polepole. Hospitali zilizopoteza wauguzi wanafunzi ndizo pia zilizopoteza wauguzi waliokwisha hitimu. Na katika hospitali hizo hizo, wagonjwa wenye maradhi yanayofanana walilazwa siku nyingi zaidi. Alipowahoji masista wa wodi, yaani wauguzi wanaoziongoza, juu ya wanafunzi wao na juu ya wakubwa wao, akaona kitu kingine: sista aliyeamini kwamba walio juu yake hawamsikilizi, ndiye aliyekuwa mgumu kuwasikiliza wasichana walio chini yake.

Chukua hali ambayo yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini ataitambua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamgeuza mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji jana. Mgonjwa anauliza: hiki kidonda mbona kinavuta, ni kawaida? Msichana hajui. Angeweza kumwuliza sista, lakini mwenzake aliuliza jambo kama hilo mbele ya watu akaambiwa angesikiliza darasani asingeuliza. Basi anajibu, "Usijali," anaondoka haraka. Mgonjwa ameona macho yake. Usiku halali. Kesho analalamika maumivu zaidi, anaogopa kusimama, anaogopa kula. Sista naye ana swali lake kwa daktari bingwa kuhusu dawa ya mgonjwa huyo huyo, lakini raundi ya daktari ni ya dakika chache na huwa hapendi kukatizwa. Kila mmoja katika mnyororo huu amebeba swali, na kila mmoja amelimeza. Revans aliziita hospitali taasisi zilizolelewa katika wasiwasi, na hoja yake ilikuwa kwamba wasiwasi usiopewa taarifa hauishi. Huhamia kwa aliye chini, na wa chini kabisa ni mgonjwa.

Kwangu mimi hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa cha Uingereza. Taarifa inayomfikia mgonjwa kwa wakati ni sehemu ya tiba yake, na ukimya kati ya daktari, sista na mwanafunzi unaweza kuonekana kwenye daftari la siku za kulazwa. Ukitaka kujua kama taasisi ina afya, tazama swali la mtu wa chini linafika wapi kabla halijafa.

Sasa fikiria ripoti kama hiyo inatua kwenye meza yako. Njia ya kawaida inajulikana. Inaundwa kamati, kamati inaandika mapendekezo, mapendekezo yanakuwa waraka, waraka unabandikwa ubaoni: "Masista wa wodi wanaelekezwa kuwasikiliza wanafunzi." Halafu labda semina ya siku mbili juu ya mawasiliano bora. Revans alikataa njia hiyo, na sababu zake zilikuwa zimeiva kwa muda mrefu.

Alizaliwa Portsmouth 1907. Baba yake alikuwa mkaguzi wa vyombo vya majini, akahusika na uchunguzi wa kuzama kwa Titanic mwaka 1912. Revans alisimulia kwamba alipomwuliza baba yake somo kubwa la mkasa ule, aliambiwa ni lazima watu wafundishwe kutofautisha ujanja na busara. Alikuja kuwa mwanariadha, akaiwakilisha Uingereza katika Olimpiki za Amsterdam 1928, kisha mtafiti kijana katika maabara ya Cavendish, Cambridge, chini ya Ernest Rutherford. Alichokumbuka zaidi kutoka Cavendish si ugunduzi fulani. Ni vikao ambavyo wanasayansi wakubwa wa dunia, wakiwemo waliokwisha kupata tuzo ya Nobel, walikaa pamoja kuzungumzia yale wasiyoyaelewa. Aliyekuwa na jambo lililomshinda ndiye aliyeleta mchango mkubwa kuliko wote.

Kisha akaenda kufanya kazi katika idara ya elimu ya kaunti ya Essex, na mwaka 1938 akaandika taarifa juu ya wasichana wanaoingia uuguzi na jinsi hospitali zinavyowapoteza. Kwa hiyo alipolikuta tatizo lile lile Manchester, zaidi ya miaka ishirini baadaye, hakulikuta kama mgeni. Alikuwa ameshaona kwamba taarifa nzuri inaweza kusifiwa na kila mtu na isibadilishe chochote.

Katikati ya vipindi hivyo viwili kulikuwa na makaa ya mawe. Mwaka 1945 alipendekeza kwa wamiliki wa migodi kwamba mameneja wa migodi wajifunze wao kwa wao, kutokana na matatizo yao wenyewe, badala ya kupelekwa darasani kusikiliza watu ambao hawajawahi kushuka shimoni. Migodi ilipotaifishwa Januari 1947, akawa mkuu wa elimu katika bodi ya taifa ya makaa hadi 1950. Miaka ya 1950 mameneja 22 kutoka migodi mbalimbali ya England na Wales walikaa pamoja kwa miaka mitatu wakichunguzana. Meneja wa mgodi mmoja alishuka kwenye mgodi wa mwenzake, akauliza, akarudi kusema alichokiona, na mwenzake akafanya vivyo hivyo kwake. Hakuna aliyekuja na jibu mfukoni. Watu hawa walikuwa na sababu ya kusemezana ukweli, kwa kuwa kosa la meneja mgodini huzika watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale 22 wote walilala kitanda kimoja.

Kutokana na hayo aliiweka nadharia yake, inayojulikana kama kujifunza kwa vitendo (action learning), kwa maneno machache: kujifunza ni maarifa yaliyokwisha pangwa ukijumlisha na maswali yenye kupenya. Maarifa yaliyopangwa ni yale ya vitabuni, ya mtaalamu, ya mwongozo wa wizara. Hakuyadharau, mwanafizikia hawezi kuyadharau. Alichosema ni kwamba yanatosha pale tu kesho inapofanana na jana. Mambo yakibadilika, anayeshinda ni mwenye kuuliza vizuri, na kasi yake ya kujifunza inapaswa ilingane na kasi ya mabadiliko au iipite. Pia alitenganisha fumbo na tatizo. Fumbo lina jibu moja ambalo mtaalamu anaweza kulipata hata kama wewe humpendi: mashine ya eksirei haiwaki, fundi anakuja, anatengeneza. Tatizo halina jibu moja. Watu wenye akili timamu na nia njema wataliendea kwa njia tofauti, na njia itakayofaa inategemea nani yupo, nani anaogopa nini, na nani atabaki kuishi na matokeo. Wauguzi wanaoondoka ni tatizo. Kuliendea kama fumbo ndilo kosa lililofanywa kwa miaka yote ile.

Kwa hiyo uchunguzi wa Manchester ukazaa mradi wa aina nyingine, mara hii London. Mfuko wa hospitali wa King's Fund, taasisi iliyokuwa ikizisaidia hospitali za jiji hilo tangu 1897, uliunga mkono mpango wa kuziingiza hospitali 10 katika mradi wa mawasiliano ya ndani. Ulianza katikati ya miaka ya 1960. Ndani ya kila hospitali kikaundwa kikundi cha watu ambao kwa kawaida hukutana kwa kulaumiana tu: daktari, muuguzi, mtu wa utawala. Walipewa kwanza mafunzo ya namna ya kuchunguza kazi. Baada ya hapo wakarudi makwao, wakachagua wenyewe jambo linalowasumbua, wakakusanya takwimu wao wenyewe, wakapeleka walichokipata kwa wenzao na kujaribu kubadilisha kitu.

Neno zito katika aya hiyo ni "wenyewe". Mtafiti wa nje akija na dodoso, muuguzi hulijaza kama kodi. Muuguzi wa hospitali ile ile akikaa na mwenzake kuuliza kwa nini mgonjwa alisubiri, swali linabaki jengoni hata baada ya karatasi kukusanywa. Na daktari anayelazimika kuhesabu kwa mkono wake mara ngapi raundi yake imechelewa, anajifunza jambo ambalo hakuna mhadhara ungemfundisha.

Revans alikuwa na maswali matatu aliyotaka kila kikundi kiyaulize mapema. Nani anajua juu ya jambo hili? Nani linamuuma? Nani ana uwezo wa kulifanyia kitu? Mepesi kusema. Lakini jaribu kuyauliza juu ya tatizo lolote la ofisini kwako, utaona majina matatu tofauti yanajitokeza, na mara nyingi watu hao watatu hawajawahi kukaa meza moja. Katika wodi ya Manchester aliyejua ni mwanafunzi, aliyeumia ni mgonjwa, aliyeweza ni daktari bingwa na metroni. Kazi ya kikundi ni kuwakutanisha hao.

Nieleze kikao chenyewe kinavyokwenda, kwa sababu wengi husikia "kujifunza kwa vitendo" wakadhani ni mafunzo ya mkono, kama fundi kumwonyesha mwanagenzi. Kikundi huwa na watu kama watano hadi wanane. Kila mmoja analeta tatizo la kweli analowajibika nalo, au wote wanalishika moja. Mwenye tatizo anasimulia kwa ufupi. Wenzake hawatoi ushauri; wanauliza. Kikao kikiisha, mwenye tatizo anataja atakachokwenda kufanya kabla ya kikao kijacho, na kikao kijacho kinaanza kwa kusikia kilichotokea.

Huu ufuatao ni mfano wa kutunga, nimeuweka katika hospitali ya wilaya ya kwetu ili uonekane vizuri. Mezani wapo muuguzi mfawidhi wa wodi ya wanaume, mtaalamu wa maabara, mfamasia, katibu wa hospitali na mhasibu.

"Majibu ya maabara yanachelewa," anasema muuguzi. "Daktari anapita raundi saa tatu, majibu yanakuja saa saba. Mgonjwa anakaa siku nzima bila dawa."

Mfamasia anaanza, "Sista, ungeongea na maabara wakaweka mtu wa…" Katibu anamkatiza kwa upole: "Tuulize kwanza."

"Samahani, sista," anasema mhasibu, "mimi si mtu wa wodi. Sampuli zinachukuliwa saa ngapi?"

"Alfajiri, saa kumi na moja. Zamu ya usiku."

"Na zinatoka wodini saa ngapi?"

"Zinamsubiri mhudumu wa asubuhi."

"Anafika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Lakini anaanza na chai ya wagonjwa, na mashuka."

"Nani anampangia aanze na nini?"

Muuguzi anakaa kimya kidogo. "Mimi."

Angalia ni nani aliyeuliza. Daktari asingeuliza sampuli huchukuliwa saa ngapi, maana anadhani anajua. Mtu wa maabara asingeuliza, maana ana jibu lake la kujitetea. Mhasibu aliuliza kwa kuwa kweli hajui, na ujinga wake ulikuwa mali ya kikundi kizima. Angalia pia kwamba hakuna aliyemwambia muuguzi kuwa kosa ni lake. Amelisema mwenyewe, kwa neno moja, na kwa sababu amelisema mwenyewe atalifanyia kazi.

Anaondoka na kazi moja: kwa wiki mbili, kila sampuli iandikwe saa iliyochukuliwa, saa iliyotoka wodini, saa iliyopokelewa maabara, saa jibu lilipotoka. Kikao kinachofuata anakuja na karatasi. Mhudumu sasa anaanza na sampuli. Zinafika maabara saa mbili kasorobo. Lakini majibu bado yanatoka saa sita. Mtaalamu wa maabara anaulizwa kinachotokea kati ya saa mbili na saa nne. Anajibu bila kupenda: kipimo hakianzi mpaka malipo yaonekane kwenye mfumo, na ndugu wa mgonjwa wanapanga foleni dirishani kusubiri namba ya malipo. Dirisha liko chini ya nani? Watu wote wanageuka kumtazama mhasibu.

Hapo ndipo mtu anajifunza. Aliyekuja kama muulizaji amejikuta yeye ndiye mwenye tatizo, na safari hii hawezi kusema hajui, kwa sababu amekuwa akiuliza maswali mazuri kwa wiki mbili. Semina ya huduma kwa mteja isingemfikisha hapo.

Tukirudi London: je, mradi ulifaulu? Jibu la kweli ni kwamba ulifaulu kwa viwango tofauti, na tofauti hizo zinafundisha kuliko wastani. Wachunguzi waliofuatilia mradi walichapisha tathmini yao 1971. Revans mwenyewe aliendelea kushikilia kwamba hospitali zilizoshiriki zilisonga mbele kuliko nyingine zilizolinganishwa nazo, katika muda wa wagonjwa kulazwa na katika utulivu wa watumishi. Lakini hospitali hizo 10 hazikwenda pamoja. Zipo ambazo vikundi viliendelea kuchagua tatizo baada ya tatizo, na zipo ambazo kazi iliishia kwenye kukusanya takwimu.

Ugumu wa kupima haufai kufichwa. Katika miaka hiyo hiyo siku za kulazwa zilikuwa zikipungua Uingereza nzima kwa sababu za kitabibu. Hospitali iliyokubali kuchunguzwa huenda tayari ilikuwa na uongozi ulio wazi zaidi kuliko iliyokataa. Na kitu kinachobadilika kwanza katika kazi ya namna hii ni mazungumzo, ambayo hayana safu kwenye daftari. Anayedai kwamba mradi wa London umethibitisha njia hii kwa namba anakwenda mbali kuliko ushahidi. Anayesema hakuna kilichotokea naye hajatazama hospitali moja moja.

Kilichozitenganisha hospitali, kwa jinsi ninavyosoma kisa hiki, ni uhusiano wa kikundi na wenye mamlaka. Pale metroni, daktari mwandamizi na katibu wa hospitali walipolichukua tatizo kuwa lao, matokeo ya uchunguzi yalipata mahali pa kutua. Pale walipokiona kikundi kama shughuli ya watu wa kati, kikundi kilipata data nyingi na ruhusa ndogo. Madaktari bingwa walikuwa mtihani wa pekee. Muuguzi na mtu wa utawala wana bosi anayeweza kuwaambia wahudhurie. Daktari bingwa wa Uingereza wa miaka ile alikuwa mfalme wa wodi yake. Asipokuja kikaoni, sehemu ya mnyororo iliyoanzisha ukimya inabaki kama ilivyokuwa, na wengine wanaishia kutengeneza fomu nzuri zaidi.

Revans mwenyewe hakubaki Manchester wakati mradi wa London ukiendelea. Aliacha uprofesa 1965, baada ya kushindwa katika mvutano juu ya sura ya shule mpya ya biashara ya jiji hilo. Wenzake walitaka shule ya kufundisha maarifa yaliyopangwa. Yeye alitaka mahali pa mameneja kuyaleta matatizo yao. Akaenda Ubelgiji, na kuanzia 1968 mpango wake mkubwa huko ukawapeleka viongozi wa makampuni kuchunguza tatizo la kampuni nyingine kabisa, ya sekta wasiyoijua. Mtu wa benki akajikuta anauliza juu ya chuma. Ni mantiki ile ile ya mhasibu katika mfano wangu, iliyofanywa sera.

Wafuasi wake hawakubaliani juu ya mambo kadhaa. Moja ni mwezeshaji. Revans aliwashuku wataalamu wa kuendesha vikundi. Aliona wakikaa sana watageuka walimu na kikundi kitarudi darasani. Wengine, kama Michael Marquardt wa Chuo Kikuu cha George Washington, walimpa mwezeshaji nafasi ya kudumu na kanuni kali: hakuna kutoa kauli isipokuwa kujibu swali. Mimi naelemea upande wa kanuni hiyo kwa miezi ya mwanzo, hasa kwetu, ambapo mkubwa akishatoa kauli mezani mdogo hawezi tena kuuliza bila kuonekana anabisha. Kanuni inampa mdogo kinga: haulizi kwa ukaidi, anauliza kwa kuwa ndiyo taratibu. Baada ya hapo mwezeshaji aondoke, na hapo Revans yuko sahihi kabisa.

Hospitali za Tanzania zina uzoefu wao ulio karibu na huu. Kuanzia 2007, kwa ushirikiano na Wajapani na kwa kuangalia mfano wa hospitali moja ya Sri Lanka, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia 5S na kaizen, mbinu za Kijapani za kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi hatua kwa hatua, na kutoka hapo zikasambazwa kwenye hospitali nyingine. Mtumishi wa afya anayajua yale maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Jambo la thamani pale, zaidi ya rafu zilizopangwa na vibandiko vya rangi, ni timu za uboreshaji kazi ndani ya idara: watumishi wenyewe wanataja kinachowakwamisha na kujaribu dawa yake. Huo ni undugu wa moja kwa moja na London. Kinachotofautisha ni mahali pa kuanzia. Kaizen inaanza na mahali pa kazi na mtiririko wake, kwa hiyo inafanya vizuri sana pale kikwazo kinapoonekana kwa macho. Njia ya Revans inaanza na mtu mwenye mamlaka kukiri asichokijua, kwa hiyo ndiyo inayohitajika pale kikwazo kinapokuwa kimya cha watu. Timu ya kaizen inaweza kuipanga stoo ya dawa ikapendeza, huku muuguzi bado anaogopa kumwambia daktari kwamba dozi imeandikwa vibaya.

Tuna desturi moja inayoziua njia zote mbili, na inaniuma kwa sababu tunaitumia pesa nyingi: kuligeuza kila tatizo kuwa semina. Mauzo yanapungua, semina. Wateja wanalalamika, semina. Watu wanakwenda hotelini mji mwingine, wanasikiliza mada, wanasaini posho, wanarudi kwenye meza zile zile na mtu yule yule aliyekuwa hasikilizwi. Tatizo limebaki ofisini muda wote huo; halikusafiri nao. Kikundi cha kujifunza kwa vitendo kinahitaji chumba ndani ya jengo, saa mbili kila baada ya wiki mbili, na watu sita. Bei yake haiko kwenye fedha. Iko kwenye kukubali kuulizwa mbele ya wenzako.

Ndiyo maana, kama mkurugenzi ananiuliza aanzeje, sizungumzii mbinu mwanzoni. Namwomba achague tatizo moja ambalo yeye mwenyewe linamkosesha usingizi na ambalo hana jibu lake. Kama ana jibu tayari na anataka watu walifikie wenyewe, atoe agizo tu. Ni heshima zaidi kwao. Kisha nataka ahudhurie siku kikundi kinapoleta matokeo, yeye, si mwakilishi wake. Na nataka akubali mapema, mbele ya wanakikundi, kwamba kufuatilia swali kunaweza kuishia kwenye ofisi yake, kama kulivyoishia kwenye dirisha la mhasibu, na kwamba siku hiyo aliyelileta swali hataguswa. Wapo wanaokubali hilo papo hapo. Wapo wanaosema watafikiri. Wa kundi la pili nawashauri wasubiri, kwa sababu mtumishi aliyeulizwa anaona nini, akasema, kisha akaadhibiwa, hatasema tena kwa miaka, na atawafundisha wapya wanaoingia wasiseme.